Neema Haiuzwi, Wala Haikai Bure



Ndugu wasomaji, kuna swali ambalo Mkatoliki hulikuta kila mahali: kwenye daladala, sokoni, bwenini, hata msibani. Jirani wa dhehebu jingine anauliza: "Hivi ninyi Wakatoliki si mnafundisha kwamba mtu anaokolewa kwa matendo yake? Mbona Biblia inasema ni kwa imani?" Na mara nyingi Mkatoliki anajibu haraka: "Ndiyo, kwa matendo. Yakobo kasema imani isiyo na matendo ni maiti." Hapo wanaanza kurushiana mistari, huyu ameshika Paulo, yule ameshika Yakobo, mpaka gari linafika kituoni na kila mmoja anashuka na lake.

Tunaandika makala haya kwa sababu jibu hilo, ingawa linatolewa kwa nia njema ya kulitetea Kanisa, si fundisho la Kanisa. Kanisa Katoliki halifundishi kwamba tunaokolewa kwa matendo yetu. Linafundisha kwamba tunaokolewa kwa neema ya Mungu katika Yesu Kristo, tunayoipokea kwa imani na Ubatizo, na kwamba neema hiyo ikiingia ndani ya mtu inazaa upendo, na upendo unatenda. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo. Kwa mgonjwa anayekaribia kukata roho, na kwa familia inayosubiri padre aje kuzika, si ndogo hata kidogo.

Paulo na Yakobo hawagombani

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika Waraka kwa Warumi (3:28) Mtume Paulo anafundisha kwamba kinachomfanya mtu awe na haki mbele ya Mungu ni imani, bila kutegemea kushika sheria. Alikuwa na watu halisi mbele yake. Huko Galatia walikuja wahubiri waliowaambia Wakristo wasio Wayahudi kwamba Kristo peke yake hatoshi: ni lazima watahiriwe na kushika Torati ndipo wawe watu wa Mungu kamili. Paulo alikataa kwa nguvu zake zote. Kama tohara ndiyo inayookoa, msalaba ulikuwa wa nini?

Yakobo alikuwa na watu wengine mbele yake. Katika sura ya pili ya waraka wake anaeleza habari ya ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku. Anaagwa kwa maneno mazuri, aende akale ashibe, lakini mkononi hapewi kitu. Imani ya namna hiyo, anasema Yakobo, hata mashetani wanayo: wanajua kwamba Mungu yupo, na wanatetemeka. Basi Paulo anamzuia mlangoni mtu anayetaka kuingia akiwa na bei mkononi. Yakobo anamuuliza aliyekwisha kuingia mbona hafanani na Mwenye nyumba.

Anayetaka kuwaona wote wawili wameketi meza moja asome Wagalatia 5:6, ambapo Paulo mwenyewe anaeleza kwamba imani yenye maana ni ile ambayo upendo unaifanya itende. Kisha asome Waefeso 2:8-10 bila kukatisha njiani. Wengi husoma aya ya nane na ya tisa, kwamba wokovu ni zawadi na hakuna wa kujivuna, wakaishia hapo. Aya ya kumi inaendelea: tumeumbwa upya katika Kristo kwa ajili ya matendo mema, nayo Mungu alikwisha kuyaandaa kabla. Utaratibu ndio huo. Zawadi kwanza, matendo baadaye, na hata matendo yenyewe yana mkono wake.

Kanisa lilisema hivyo kabla ya Luther

Wapo wanaodhani fundisho hili ni la Waprotestanti, nasi tumeliazima. Historia inasema vingine. Mwanzoni mwa karne ya 5 alitokea Pelagio, mtu mwenye maisha magumu ya kujinyima, aliyefundisha kwamba mwanadamu anaweza kwa nguvu za utashi wake kuepuka dhambi na kuufikia utakatifu. Aliyesimama kumpinga alikuwa Mwafrika, Mt. Augustino, Askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Kartago na kuyahukumu mafundisho hayo. Mwaka 529 Mtaguso wa Orange, huko Ufaransa, uliongeza kwamba hata ile hamu ya kwanza ya kutaka kuamini ni kazi ya Mungu ndani yetu.

Halafu ukaja mgogoro wa karne ya 16. Mwaka 1517 Martin Luther alipinga jinsi rehema zilivyohubiriwa na kutolewa kwa fedha, na katika jambo hilo alikuwa na sababu: Mtaguso wa Trento wenyewe ulikuja kuifuta kazi ya wale wakusanyaji wa fedha za rehema mwaka 1562. Lakini kabla ya hapo, tarehe 13 Januari 1547, Mtaguso huo huo ulitoa hati yake juu ya kuhesabiwa haki. Watu wengi wanajua kwamba hati ile ilimpinga Luther. Wachache wanajua kwamba kanuni yake ya kwanza inamhukumu mtu yeyote anayesema kwamba mwanadamu anaweza kupata haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe, bila neema ya Kristo. Na sura ya nane inafundisha kwamba hakuna kitu kinachotangulia, iwe imani au matendo, kinachoweza kuistahili neema hiyo. Anayesema kwamba Wakatoliki wanajinunulia mbingu anasema jambo ambalo Trento ulilipiga marufuku.

Kile ambacho Trento ulikikataa ni wazo kwamba imani tupu, isiyo na tumaini wala mapendo, inatosha. Na kwamba Mungu anamfunika mdhambi kwa nje tu, kama ukuta uliopakwa chokaa, bila kumponya ndani. Neema inabadilisha. Asiyebadilika hata kidogo ana haki ya kujiuliza kama ameifungulia mlango.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, ambalo KKKT ni mwanachama wake, walitia saini Tamko la Pamoja juu ya fundisho hili. Walikiri pamoja kwamba ni kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo na si kwa mastahili yetu, Mungu anatupokea na kututia Roho Mtakatifu anayetuwezesha kutenda mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na Makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Bado kuna maswali ya kujadiliwa, lakini jambo la msingi limesemwa kwa sauti moja. Naye Papa Benedikto XVI, katika katekesi yake ya Novemba 2008 juu ya Mt. Paulo, alieleza kwamba usemi wa Luther wa "imani peke yake" ni wa kweli iwapo imani hiyo haitenganishwi na mapendo.

Ushahidi uko kwenye kisima cha Ubatizo

Hatuhitaji vitabu vikubwa kulielewa hili. Mkatoliki anayeulizwa na jirani yake amwonyeshe kisima cha Ubatizo. Tunabatiza watoto wachanga. Mtoto wa mwezi mmoja hajafunga Kwaresima, hajatoa zaka, hajasali rozari hata fungu moja. Analia tu. Na Kanisa linasema tangu dakika hiyo yeye ni mwana wa Mungu na mrithi wa mbingu. Kama tungekuwa tunaamini wokovu wa kulipia, tungemwambia asubiri akue aanze kuchangia.

Mwonyeshe pia yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana (Lk 23). Hakuwa na muda wa kurudisha alichoiba. Alikiri kosa lake, akamtambua Yesu, akaomba akumbukwe, na siku ile ile akaahidiwa paradiso. Hata maneno yake machache yalikuwa tayari tunda la neema, maana alimkemea mwenzake na kumtetea asiye na hatia.

Je, mastahili ni nini basi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2006-2011) inafundisha kwamba mbele ya Mungu mwanadamu hana cha kudai kwa haki yake mwenyewe. Mastahili yetu ni zawadi ya Mungu anayetaka kutushirikisha katika kazi yake. Mfikirie mtoto mdogo anayeshika mpini wa jembe pamoja na baba yake. Nguvu ni za baba, jembe ni la baba, shamba ni la baba. Jioni baba anasema mezani, "Leo mwanangu amelima," naye hadanganyi. Mtoto alikuwepo kweli, na mikono yake imepata vumbi kweli.

Kinyume cha fundisho hili kinatembea katikati yetu kwa msemo mmoja maarufu: "Mungu anasema, jisaidie nami nitakusaidia." Msemo huo haumo katika kitabu chochote cha Biblia. Ni Pelagio aliyevaa nguo zetu. Injili inasema Mungu alitusaidia tulipokuwa hatuwezi kujisaidia, na kwa kuwa ametusaidia, sasa tunaweza kusimama na kutembea.

Kadi, zaka na jeneza

Hapa tunafika kwenye jambo linalotuuma. Mafundisho yetu ni safi, lakini lugha inayosikika katika baadhi ya vigango na jumuiya inafundisha kitu kingine. Mtu akiugua au akifa, swali la kwanza linakuwa: "Kadi yake ya zaka ikoje? Jumuiya alikuwa anasali?" Zipo familia zilizoambiwa mbele ya jeneza kwamba marehemu hazikwi na Kanisa mpaka madeni yalipwe. Mjane anayezungushwa namna hiyo hatahitaji mhubiri wa nje aje kumwambia kwamba Wakatoliki wanaokolewa kwa matendo. Amekwisha kuliona kwa macho yake.

Sheria ya Kanisa haisemi hivyo. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kwazo kwa waamini. Deni la zaka halimo. Kanuni ya 1181 inaagiza kwamba katika mazishi pasiwe na upendeleo, na maskini wasikose mazishi yanayostahili.

Tunajua jibu la viongozi wa jumuiya, na lina uzito. Wanasema: bila kubanwa, watu hawatoi, paa la kanisa linavuja, katekista anahitaji kula, na wapo wanaolikumbuka Kanisa siku ya kufa tu. Ni kweli. Kanuni ya 222 inawawajibisha waamini wote kulitegemeza Kanisa, na mwenye uwezo asiyetoa anajidhulumu mwenyewe. Mtu huyo aonywe angali hai, atembelewe nyumbani, aulizwe ana shida gani. Maiti haionyeki. Anayeadhibiwa pale ni mama aliyefiwa na watoto wake, na somo wanalolibeba kutoka makaburini ni kwamba Mungu ana daftari la madeni.

Ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu. Yapo mahubiri yanayotangaza imani peke yake asubuhi, na jioni yanadai "mbegu" ya fedha ili muujiza utokee. Wapo pia wanaosema wameokoka huku mshahara wa dada wa kazi haujalipwa miezi mitatu. Tunayasema haya bila kumcheka mtu, maana kishawishi ni kimoja kwa wote: kuligeuza duka lile ambalo Mungu aliliacha liwe karamu.

Neno kwa mafrateri na waamini

Ndugu mafrateri, mnapojiandaa kuhubiri, ufuateni utaratibu wa Paulo. Katika Waraka kwa Warumi anatumia sura 11 kueleza alichofanya Mungu, ndipo katika sura ya 12 anaanza kutuagiza jinsi ya kuishi. Mahubiri yanayoanza na "toeni, njooni, fanyeni" na kuishia hapo hapo, hata yakiwa na ukweli ndani yake, yanawaacha watu wamechoka. Waambieni kwanza wamepewa nini. Mtu anayejua amesamehewa deni kubwa hutoa kwa mkono mwepesi, na zaka yake inakuwa shukrani.

Na siku mtakapoitwa kumpaka mafuta mgonjwa, naye akanong'ona, "Padre, nimefanya machache mno, Mungu atanipokea?", msianze kumhesabia Misa alizohudhuria. Mwonyesheni msalaba. Mwambieni hakuna aliyewahi kufanya ya kutosha, ndiyo maana Kristo alikuja.

Nanyi waamini, jirani akiwauliza tena kwenye daladala, mjibuni kwa upole: tunaokolewa kwa neema, tunaipokea kwa imani, na imani hiyo tunaombwa kuiishi kwa upendo, kwa sababu siku ya mwisho Bwana atauliza habari za mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa (Mt 25). Kisha, mkifika nyumbani, ulizeni katika jumuiya yenu kuna mgonjwa gani ambaye hajatembelewa wiki hii. Mwendeeni, hata kama kadi yake haina muhuri wa mwaka huu.