Kadi ya mutuweli haiponyi kama famasi haina dawa

Familia nyingi za Kivu hutoa mchango wa mutuweli ya afya kila mwaka zikiamini kwamba siku ya ugonjwa dawa itakuwa imekwisha kulipiwa. Wengi wanakuja kujua mipaka ya kadi wakiwa mbele ya dirisha la famasi ya hospitali. Ordonansi ina dawa tatu. Mbili zinatolewa, ya tatu mgonjwa anaambiwa aitafute inje. Huko inje, kwenye famasi za Kadutu mjini Bukavu ao za Birere mjini Goma, kadi haina kazi. Ni pesa mkononi.

Sababu ya kwanza ni orodha. Mutuweli hailipi kila dawa. Inalipa zile ilizokubaliana na vituo vya afya, na mara nyingi inafuata orodha ya dawa za lazima ya Wizara ya Afya. Shirika la afya duniani, OMS, lilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 1977, na fikra hiyo ni nzuri kwani inalinda mfuko wa wote. Parasetamoli ya kawaida na Doliprane zina kiini kimoja, lakini bei si moja. Daktari akiandika jina la kampuni pasipo sababu, mwanachama ndiye anayepata hasara.

Sababu ya pili ni rafu tupu. Tangu mkutano wa Bamako wa mwaka 1987, vituo vingi vya afya Afrika, Kongo pia, vinategemea pesa ya dawa walizouza ili vinunue zingine. Mutuweli ikichelewesha malipo kwa miezi, kituo kinakosa pesa ya kununua dawa. Vita vimeongeza uzito: tangu Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, benki kufungwa kumefanya malipo kuwa magumu zaidi.

Hesabu yenyewe inaumiza. Chukua mgonjwa mwenye dawa za dola 10, na mutuweli iliyoahidi kulipa asilimia 80. Angepaswa kutoa dola 2 tu. Lakini dawa ya dola 6 ikikosekana, anainunua inje yote, kisha anaongeza senti 80 juu ya zile za dola 4 alizopata hospitalini. Jumla ni dola 6 na senti 80. Ahadi ya asilimia 80 imegeuka kuwa asilimia 32.

Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka msingi wa mutuweli katika inchi, na mutuweli ni mali ya wanachama. Basi wana haki ya kudai mambo matatu kwenye mkutano mkuu. Orodha ya dawa na sehemu ya malipo ya mgonjwa ibandikwe kwenye dirisha la famasi. Dawa ya orodha ikikosekana, mwanachama ainunue kwenye famasi iliyokubaliwa na arudishiwe pesa akionyesha risiti. Na bili za vituo zilipwe kwa wakati, ili vinunue kwenye ghala zinazojulikana, kama ASRAMES mjini Goma ao ile ya 8e CEPAC mjini Bukavu, sio kwa wachuuzi.

Mwanachama naye ana kazi yake. Aulize kabla ya kulipa mchango: ni dawa gani, kwenye kituo gani, na kwa asilimia ngapi? Amuombe daktari dawa ya jina la kawaida. Atunze ordonansi na risiti, kwani malalamiko bila karatasi hayafiki mbali.

Viongozi wa mutuweli wasichukulie jambo hili kuwa dogo. Anayekosa dawa mwaka huu hatalipa mchango mwaka kesho. Wenye afya wakijitoa, watabaki wagonjwa peke yao, na mfuko wa wagonjwa peke yao haudumu.