Kisa cha Kununua Si Uvivu

Hoja iliyochapishwa kwamba msimamizi wa mchezo wa kuigiza wahusika mezani anayenunua kisa kilichoandikwa tayari ni mvivu, na kwamba ubunifu wa kweli hutungwa nyumbani tu, inasikika vizuri hadi mtu afungue vitabu vyenyewe.

Aanze na Ravenloft, kisa cha Dungeons & Dragons kilichotolewa mwaka 1983. Tracy na Laura Hickman walikuwa wameshakicheza nyumbani, misimu ya Halloween, kabla hakijafika dukani. Sasa hicho ni cha nyumbani au cha kununua? Tena ndani yake msimamizi huchanganya karata za kawaida na kuzifunua. Karata hizo ndizo zinazoamua upanga wa kumkabili Strahd, mnyonya damu ambaye ndiye adui wa kisa hicho, umefichwa wapi, na hata yeye mwenyewe safari hii anataka nini. Meza mbili zenye kitabu kimoja hucheza visa viwili.

Kisa kingine cha mchezo huohuo, In Search of the Unknown cha Mike Carr, cha mwishoni mwa miaka ya 1970, kilikwenda mbali zaidi. Ramani ipo, vyumba vimeelezwa, lakini nafasi za mazimwi na hazina zimeachwa wazi. Msimamizi ashike penseli, ajaze.

Mwandishi wa hoja ana haki mahali pamoja: anayesoma aya ndefu kwa sauti huku wachezaji wakichezea simu anawachosha. Lakini huyo angewachosha hata kwa kisa alichotunga mwenyewe, pengine zaidi, maana cha kwake haoni pa kukipunguza.