Tumechoka na mitaro, tupeni ufundi!

NDUGU msomaji, chukua kalamu tupige hesabu. Katika awamu ya kwanza ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, mtu mwenye nguvu kutoka kaya maskini alipewa ajira ya muda ya siku 60 kwa mwaka, kwa ujira wa Sh 2,300 kwa siku. Zidisha. Unapata Sh 138,000. Hilo ndilo jasho la mwaka mzima la mtu aliyechimba mitaro, aliyepanda miti na kuchonga barabara za mitaani.

Sibezi fedha hizo. Mama wa uswahilini anayezipata hanunulii soda. Ananunua unga na daftari za watoto. Ninachouliza ni kimoja tu: siku 60 zikiisha, kijana wake aliyeshika sururu anaondoka na nini? Mtaro unabaki mtaani, picha inabaki kwenye ripoti ya mfadhili, na yeye anarudi kijiweni na malengelenge yake. Mwaka unaofuata anaitwa kuchimba mwingine.

Fikra hii haikuanza jana. Mwaka 1983 serikali ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Vijana wa Dar es Salaam wakakamatwa mitaani wakaitwa wazururaji, wakapakiwa kwenye magari na kupelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi mjini kwa sababu hakuna aliyewauliza wanaweza nini wala wanataka kujifunza nini. Wakubwa waliona mikono tu, kichwa hawakukiona. Sururu ya leo ina malipo, tunakubali, lakini macho ni yale yale.

Sasa dai letu ni hili: siku ya darasani ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Kijana wa kaya iliyoandikishwa akichagua kujifunza kuchomelea, umeme wa majumbani, ufundi bomba, useremala au makanika, alipwe ujira ule ule ambao angelipwa mtaroni.

Kwa nini alipwe akiwa anasoma? Kwa sababu kinachomzuia mlalahoi kwenda chuo ni zaidi ya ada. VETA imekuwa ikitoza Sh 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa wa kozi ndefu. Ni pungufu ya nusu ya ile hesabu ya mitaro tuliyopiga. Kikwazo kikubwa ni tumbo. Kijana akikaa darasani mchana kutwa, nani ataleta kilo ya unga jioni? Nani atampa nauli ya daladala? Hapo ndipo wengi wanapoangukia, wanaacha chuo na kwenda kubeba zege.

Hata Marekani, nchi isiyopenda kumpa maskini senti bila jasho, imeliona hili. Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayowataka wazazi wengi wanaopokea msaada wa serikali wafanye kazi saa 30 kwa wiki. Sheria kali hasa. Lakini hata humo mafunzo ya ufundi yakakubaliwa kuhesabiwa kama kazi, kwa miezi isiyozidi 12. Wanaowatetea maskini huko wamelalamika kwa miaka mingi kwamba miezi 12 haitoshi. Sisi hata hiyo 12 tutaishukuru!

Najua majibu ya wakubwa. Watasema TASAF ina semina za kuweka akiba na biashara ndogo. Ni kweli, lakini semina ya siku chache haimfanyi mtu kuwa fundi. Watasema kuna mafunzo ya uanagenzi ya miezi 6 yaliyokuwa yakiratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ada yake hulipwa na serikali. Nayo ni kweli, na ni jambo jema. Lakini kwa nini maskini yule yule apange foleni kwenye dirisha moja kupata chakula na kwenye dirisha jingine kupata ufundi, na akiingia huku akose kule? Unganisheni madirisha!

Watasema hakuna fedha. Jamani! Waajiri wanalipa ile tozo ya kuendeleza ujuzi inayoitwa SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Jina lake linasema yenyewe ni ya ujuzi, lakini sehemu tu ndiyo inayokwenda VETA. Na sehemu kubwa ya fedha za TASAF ni mkopo wa Benki ya Dunia. Atakayelipa deni hilo ni kijana wa leo akiwa na mvi. Basi angalau alilipe kwa mikono yenye ufundi!

Linabaki swali zito kuliko yote: nani ataidhinisha mafunzo hayo? Hapa vijana tufumbue macho. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, chama tawala kilitangaziwa ushindi wa zaidi ya asilimia 98 ya viti. Hebu fikiria barua yako ya kuomba kozi ikipita kwenye mikono hiyo. Utaulizwa cheti cha darasa la saba au kadi ya chama? Tukiacha mlango huo wazi, mafunzo yatageuka ulaji mwingine. Mtoto wa mjumbe atapelekwa kusoma umeme, nawe utapewa sururu.

Kwa hiyo uamuzi utoke mtaani kabisa. VETA itoe orodha ya vyuo na karakana inazozitambua, ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata. Kijana achague mwenyewe. Akitimiza masharti, aandikishwe kwa zamu ya kufika. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na majina ya waliokubaliwa yabandikwe ukutani kila mtu ayasome. Na yule aliyejifunza gereji bubu chini ya mwembe asisahauliwe: VETA ina utaratibu wa kumpima fundi wa mtaani na kumpa cheti. Siku za kupimwa nazo zihesabiwe.

Wabunge na madiwani watakapokuja kuomba kura au kuzindua mtaro, msiwapigie makofi kwanza. Waulizeni: siku ya darasani ni siku ya kazi au siyo? Atakayejibu kwa hotuba ndefu, mjue amekwisha kujibu.