Bei ya Sindano za Kupunguza Unene Marekani

Mwaka 2021 Serikali ya Marekani iliruhusu sindano iitwayo Wegovy itumike kupunguza unene. Mtengenezaji wake, Novo Nordisk wa Denmark, aliitangazia bei ya zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Je, dawa hiyo ni ghali kuitengeneza? La, hasha. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Yale, walikadiria mwaka 2024 kwamba semaglutidi ya mwezi mmoja yaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 5.

Chanzo kimoja ni haki ya uvumbuzi, ambayo nchini humo inazuia viwanda vingine kuiiga hadi mwaka 2032. Chanzo cha pili, nasi twakiona kibaya zaidi, ni madalali wa bima. Makampuni matatu, CVS Caremark, Express Scripts na OptumRx, hushughulikia takriban asilimia 80 ya dawa zinazoandikwa na madaktari. Mtengenezaji huwarudishia sehemu ya bei kwa siri, kwa hiyo bei ya wazi hupandishwa. Na asiye na bima ndiye aliyekuwa akitozwa yote.

Ushindani umesaidia. Zepbound ya Eli Lilly iliidhinishwa mwaka 2023, na Novemba 2025 Wegovy ilishushwa hadi dola 349 kwa alipaye taslimu.

Lakini sisi askari tutazame TRICARE, bima ya majeshi ya huko. Tarehe 31 Agosti 2025 iliacha kuzilipia sindano hizo, zikitumika kwa unene, kwa wastaafu walio katika mpango wake wa uzeeni. Walio kazini bado hulipiwa, kwa kibali maalumu.