Bunduki Haina Chama

Kila taifa letu linapoikaribia siku kubwa ya kisiasa, iwe ni siku ya kura, siku ya kutangaza matokeo, au siku ambayo wananchi wameamua kuandamana hadi lango la Bunge, swali moja hurudi: je, wanajeshi waitwe? Walio madarakani husema waitwe, kwa ajili ya usalama wa wote. Walio nje husema wasiitwe, kwa kuwa usalama huo ni wa wakubwa peke yao. Miaka michache ikipita, viti hubadilishwa, na hoja nazo hubadilishwa pamoja na viti. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sisi tunaotetea mageuzi hatuna budi kusimama mahali tofauti. Bunduki haina chama. Humtii yule aliye na mamlaka ya kuiamuru siku hiyo. Kwa sababu hiyo kibali cha kuitoa kambini hakipaswi kutegemea ni chama gani kinachotawala.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha, vijana walivunja uzio na kuingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Risasi zilifyatuliwa na watu wakafa. Jioni ya siku hiyo hiyo, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Bw. Aden Duale, alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jeshi limetumwa kuwasaidia polisi kukabiliana na hali ya dharura. Bunge la Taifa lilikutana kesho yake, tarehe 26 Juni, likaidhinisha hatua hiyo. Upande wa serikali ulisema nchi ilikuwa inaokolewa. Upande wa upinzani ulisema nchi ilikuwa inakabidhiwa wanajeshi. Siku hiyo hiyo Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi mswada ule uliozua yote hayo.

Ndugu msomaji, zingatia utaratibu wenyewe. Wanajeshi walitoka kwanza, kibali kikafuata. Je, ndivyo Katiba ya 2010 inavyosema? Ibara ya 241 inalipa jeshi kazi tatu. Ya kwanza ni kuilinda Jamhuri na mipaka yake. Ya pili ni kusaidiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, kisha kutoa ripoti kwa Bunge la Taifa. Ya tatu ni kurejesha amani katika sehemu yoyote ya nchi iliyokumbwa na machafuko, na hapa Katiba inatia kufuli: jeshi litatumwa kwa idhini ya Bunge la Taifa tu.

Ugomvi wote wa kisheria umo kati ya kazi ya pili na ya tatu. Serikali ikiyaita maandamano kuwa ni dharura, inajipa mlango ambao hauna bawabu: inatuma askari, kisha inatoa taarifa. Yakiitwa machafuko, ni lazima ibishe hodi Bungeni kwanza. Kwa maoni yetu, mafuriko ni dharura, na jengo lililoporomoka ni maafa. Wananchi wenye hasira barabarani, hata wakiwemo wahalifu miongoni mwao, ni suala la amani ya kiraia, na mlango wake ni ule wenye kufuli. Kulibandika jambo hilo jina lingine ili kuikwepa idhini ni kuichezea Katiba.

Chama cha Mawakili nchini kilikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 27 Juni Jaji Lawrence Mugambi hakuwazuia wanajeshi, lakini aliiagiza serikali ieleze hadharani, katika muda wa siku mbili, watahudumu wapi, kwa muda gani na kwa kazi gani. Aliona hatari ya kuwafanya wanajeshi kuwa polisi wa raia bila mipaka iliyo wazi. Agizo hilo lilikuwa dogo kuliko tulivyotamani, ila ndani yake mna mbegu ya kanuni tunayoitafuta.

Sasa tuwatazame wanasiasa. Julai 2017, muungano wa upinzani wa NASA ulitoa nyaraka na kudai kwamba jeshi lilikuwa linaandaliwa kuingilia uchaguzi wa Agosti. Jeshi lilijibu kwamba maneno yaliyomo yametolewa nje ya muktadha wake, na wafuasi wa Jubilee wakayadharau madai yale kama kelele za watu walioona dalili za kushindwa. Miaka saba baadaye, upande wa walio wachache Bungeni ulipinga hatua ya Juni 2024. Mwezi haukupita, kiongozi wa upande huo akateuliwa kuwa waziri katika serikali ile ile. Hatumlaumu mtu kwa kubadilisha kiti. Tunasema tu kwamba haki ya mwananchi isiyo na mlinzi mwingine ila kiti cha mwanasiasa ni haki iliyokwisha kupotea.

Tutaulizwa: je, Januari 2008 mmeisahau? Hatujaisahau. Nakuru na Naivasha zilipokuwa zinawaka moto, na watu wakiuawa kwa sababu ya majina yao, wanajeshi walipelekwa, na wako waliopata kupita barabarani salama kwa sababu yao. Mtu aliyepona siku hizo hawezi kukubali akiambiwa kwamba jeshi lisitoke kambini kamwe. Sisi pia hatusemi hivyo. Katiba yenyewe haisemi hivyo. Imeuacha mlango, ikaweka kufuli, na ufunguo ikawapa wawakilishi wa wananchi.

Lakini aliyeikumbuka Naivasha aikumbuke pia Wagalla. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama, jeshi likiwemo, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani bila maji. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, iliona kwamba waliokufa huenda walikaribia elfu moja. Aikumbuke pia operesheni ya Okoa Maisha katika Mlima Elgon, iliyoanza Machi 2008. Wenyeji walifurahi wanajeshi walipofika kuwafukuza wanamgambo, kisha wengi wakalia kwa ajili ya wanaume waliochukuliwa na kuteswa. Askari wale wale walioingia kama waokozi waligeuka, kwa sababu hakuna aliyewawekea mpaka wala siku ya kuondoka.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Polisi akiua raia, iko mamlaka ya kiraia, IPOA, yenye wajibu wa kuchunguza. Mamlaka hiyo iliundwa kwa ajili ya polisi, haimsimamii mwanajeshi. Mama wa kijana aliyeuawa na mwanajeshi abishe mlango gani?

Ndugu zetu wa makanisa wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Tarehe 7 Julai 1997, askari waliingia katika Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga waumini na wanamageuzi waliokuwa wamekusanyika kudai marekebisho ya Katiba. Wale walikuwa polisi, ambao kazi yao ni kuwalinda raia. Ikiwa waliofunzwa kulinda raia walifanya hivyo mbele ya madhabahu, tutarajie nini kwa waliofunzwa kumwangamiza adui vitani? Wasomaji wa Biblia wanakumbuka pia jinsi nabii Samweli alivyowaonya wazee wa Israeli walipoomba mfalme, kwamba vijana wao watachukuliwa kuyahudumia magari yake ya vita. Wazee walitaka mtu wa kuwalinda, wasiulize mlinzi huyo naye atachungwa na nani.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Idhini ya Bunge la Taifa itangulie, isifuate. Tangazo la Serikali litaje mahali, idadi ya siku na kazi yenyewe, na siku hizo zikiisha askari warudi kambini bila kuombwa. Wanajeshi wasionekane katika vituo vya kupigia kura wala vya kujumlishia kura. Kazi hiyo ni ya polisi, na polisi wakipungua, wako askari magereza na askari wa wanyamapori ambao wamewahi kuapishwa kwa kazi hiyo. Na iwepo mamlaka ya kiraia yenye uwezo wa kuchunguza kila risasi ya jeshi itakayompata raia.

Madai haya yanamlinda mwanajeshi mwenyewe pia. Ibara ya 239 inavikataza vyombo vya usalama kutumikia maslahi ya chama chochote. Kijana aliyeapa kufa kwa ajili ya Kenya asitumwe kumlenga dada yake ili mjadala wa kodi ufungwe.

Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, maana yake tarehe 10 Agosti 2027. Tusingoje wiki hiyo, wakati kila chama kitakuwa kimekwisha kupiga hesabu yake ya nani atakayeliamuru jeshi. Kila mgombea atakayefika katika kanisa lako kuomba baraka na kura, mwulize mbele ya waumini: je, utaipigia kura sheria inayomtaka Rais yeyote, hata wa chama chako, aje Bungeni kabla ya wanajeshi kutoka kambini? Andikeni jibu lake, pamoja na tarehe. Akiisha kuingia Bungeni, upande wowote atakaoketi, msomeeni.