Likizo Njiani: Kutoka Kabale Hadi Kisoro

Askari apewapo likizo hutamani kufika upesi aendako. Lakini kwa familia ambayo mwaka mzima haikupata kukaa pamoja, njia yenyewe nayo ni likizo. Kwa familia hiyo, ndugu wasomaji, twapendekeza barabara ya Kabale hadi Kisoro, katika milima ya Kigezi, Uganda.

Usiku wa Kabale una baridi kali. Mama na afungashe sweta za watoto na chupa ya chai. Asubuhi subirini ukungu upungue, kwani huficha kona. Karibu na mji lipo Ziwa Bunyonyi lenye visiwa vingi, hapo pumzikeni. Mbele mtapita msitu wa Echuya na mianzi yake. Mkifika Kanaba, ikiwa mawingu yametanduka, mtaiona milima ya volkeno: Muhabura wenye mita 4,127, Gahinga, na Sabinyo, ambapo mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo hukutana.

Kutoka hapo ni mteremko. Baba ashuke kwa gia ndogo, si kwa kukanyaga breki mfululizo, maana breki zikipata moto sana hushindwa kushika, na nyuma yake wameketi wote alio nao duniani.

Watoto wakiomba gari lisimame wapate kutazama, lisimame. Baba atakaporudi kazini, hayo ndiyo watakayoyasimulia kambini.