Kisukari Dodoma: Anachojua muuguzi kimfikie tabibu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MGONJWA wa kisukari anayeishi vijijini Bahi, Kongwa au Chemba humwona muuguzi mara nyingi zaidi kuliko daktari. Katika zahanati nyingi daktari hayupo kabisa. Anayetibu ni tabibu, ingawa wananchi humwita daktari naye huitika.

Muuguzi ndiye hupima sukari, shinikizo la damu na uzito, na ndiye anayepaswa kumvua mgonjwa viatu ili akague nyayo. Ndiye pia hujua kama insulini inahifadhiwa kwenye chungu chenye maji kwa kuwa nyumbani hakuna jokofu. Taarifa hizo ni nusu ya tiba, lakini mara nyingi huishia mezani kwake. Tabibu, akikabiliwa na foleni ya watoto wenye homa, hutupia kadi jicho na kuandika dawa zile zile, hata kama sukari imepanda miezi mitatu mfululizo. Mgonjwa hufikishwa hospitali ya rufaa mjini akiwa na kidonda cha mguu kilichokwisha kuoza.

Wagonjwa hao si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Mwaka 2019 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza.

Ushirikiano unaohitajika si mgeni nchini. Kliniki za wenye Virusi vya Ukimwi zimeufanya kwa miaka mingi: kila mgonjwa ana kadi na tarehe, muuguzi hutoa dawa kwa aliye imara, aliyekosa kliniki hufuatiliwa, na tabibu huitwa pale hali inapobadilika. Ni kweli kwamba kliniki hizo zilijengwa kwa fedha nyingi za wafadhili, ambazo kisukari hakijawahi kuzipata. Hata hivyo, makubaliano ya kiwango gani cha sukari kimlazimu muuguzi kumwita tabibu siku hiyo hiyo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji kikao kimoja na karatasi ukutani.

Kinachohitaji fedha ni vijiti vya kupimia sukari. Vinapokwisha zahanati, muuguzi hana cha kumweleza tabibu, naye tabibu huandika dozi kwa kukisia.